Kitabu Kinachoishia Ng'ambo ya Mto

Mvua ya mwezi wa kumi ilitukusanya barazani Kamukuzi, Mbarara, watu wanne na mimi wa tano, na mabishano yakazuka juu ya neno moja tu: kumaliza. Wenzangu nimewapa sauti, sikuwapa majina. Anayeishi kati ya Mbarara na Nakivale akitafuta wenye sauti hizi atawakuta kwa jirani, labda hata nyumbani kwake.

Aliyeyaanzisha ni Kijana, Mkongomani, mkimbizi wa makazi ya Nakivale. Alikuwa ameshuka basi lililotoka Mbale, upande wa pili kabisa wa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Kule alikaa mwaka mzima kwenye kilima cha Nabugoye akisoma Torati na Abayudaya, raia wa Uganda wanaoshika dini ya Kiyahudi. Hajabadili dini. Alikwenda kusoma, akasoma, akarudi na begi moja, daftari nne na Biblia ya Kiswahili iliyochakaa vitabu vitano vya mwanzo tu. Kuanzia Yoshua kurasa bado zilikuwa zimeshikana kama zilivyotoka dukani.

Mama wa Uvira alikuwa mwalimu kwao. Siku hizi anauza ndagala Base Camp, Nakivale, na juma lile alimleta mwanawe wa mwisho hospitali Mbarara. Maalimu wa Kasongo, mtu wa Maniema, hushona nguo mchana na kusomesha watoto Kurani baada ya alasiri. Mwenyeji, mwenye baraza, ni Mnyankole mstaafu. Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa wapangaji, na anakisema bila woga: akikosa neno anatia la Kinyankole na safari inaendelea.

Alitutengea karo, yaani ugali wa ulezi, nyama kavu, na eshabwe, samli nyeupe iliyopigwa ikalainika, ambayo Wanyankole hawamwekei mgeni wasiyemheshimu. Kijana aliosha mikono, akachukua karo na eshabwe, nyama akaisogeza taratibu upande wa Maalimu.

MWENYEJI: Nyama umeikataa, mwanangu?

KIJANA: Sikuikataa, mzee. Nilizoea kule kutochanganya nyama na maziwa. Nimechagua maziwa yako.

MWENYEJI: Umechagua vizuri. Sasa niambie. Mwaka mzima umekaa Mbale. Umepata cheti?

KIJANA: Hakuna cheti, mzee. Tulimaliza Torati, tukaanza tena.

MAMA: Mkaanza tena lini?

KIJANA: Siku ileile, mama. Aya za mwisho zilisomwa, na kabla watu hawajakaa vizuri zikafuata za kwanza.

MAMA: Basi hamkumaliza.

Hapo ndipo mvua ilipozidi, na kila mtu akavuta kiti ndani kidogo.

Ni vyema msomaji ajue Kijana alikuwa anasema nini, kwa kuwa mambo haya hayasimuliwi sana kwa Kiswahili. Wayahudi wameigawa Torati, yaani vitabu vitano vya Musa kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, katika mafungu 54. Kila Sabato fungu moja husomwa mbele ya watu, na pale mwaka unapokuwa mfupi mafungu mawili husomwa kwa pamoja. Mwaka huo wa masomo hufungwa katika mwezi wao wa Tishri, mara baada ya sikukuu ya Vibanda, siku inayoitwa Simhat Tora, Furaha ya Torati. Magombo hutolewa kabatini, watu huyabeba wakizunguka nayo mara saba kwa nyimbo na kucheza. Anayeitwa kusomewa aya za mwisho huitwa bwana harusi wa Torati, na anayeitwa kwa zile za kwanza ni bwana harusi wa Mwanzo. Harusi mbili asubuhi moja.

Kijana alitusimulia jambo aliloliona kwa macho yake, na nililipenda kuliko mengine yote. Gombo ni ngozi ya mnyama, vipande vingi vimeshonwa kwa kano vikawa kitambaa kirefu, kimeviringwa kwenye miti miwili. Mwanzoni mwa mwaka mti wa kulia ni mwembamba na wa kushoto mnene. Kila juma ngozi inahama kidogo, ikifika mwisho unene wote uko kulia. Sinagogi lenye magombo mawili husoma mwisho katika moja na mwanzo katika la pili. Lenye moja halina budi kulirudisha lote.

KIJANA: Niliwaona wawili wakilirudisha, mama. Mmoja anazungusha, mwenzake analegeza. Ukivuta kwa haraka ngozi inachanika, na ikifutika herufi moja tu kati ya 304,805, gombo zima halifai kusomwa mpaka litengenezwe. Basi wanakwenda polepole. Unaona safu za maandishi zinapita, mwaka mzima unarudi nyuma mbele ya macho yako. Musa anapita, bahari inapita, Yusufu, Nuhu. Hakuna aliyezungumza. Nikajua nimesoma.

MAALIMU: Hilo mimi nalielewa. Msomaji wetu akifika Suratun-Nasi, ya mwisho kabisa, hafungi msahafu. Anarudi Alhamdu, ya kwanza, anaingia Baqara aya chache, ndipo anaomba dua. Wazee walitufundisha kwamba amali inayopendeza ni ya msafiri anayetua na papo hapo anaondoka. Ukiuacha msahafu pale mwisho umeuaga, na Kurani haiagwi.

MAMA: Nyinyi wawili mnaongea kama watu wenye nyumba.

Nitasimama kidogo kwenye neno la Maalimu, kwa sababu lugha yetu imelibeba jambo hili muda mrefu bila sisi kuliangalia. Kiarabu kina shina moja la kumaliza na kutia muhuri, nasi tumelipokea kwa sura nyingi. Kuna hatima, ambayo ni mwisho wa jambo au wa mtu. Kuna hatimaye, tunayoitamka pale subira inapolipa. Kuna kuhitimu, ambako kwa watoto wa chuoni ni kumaliza juzuu zote thelathini, na leo ni kuvaa joho chuo kikuu. Na kuna hitima, kisomo cha kumrehemu maiti. Furaha ya mhitimu na kilio cha hitima ni ndugu wa tumbo moja. Sura ya mwisho ya Torati inasimulia kifo cha Musa, na Wayahudi wameiwekea ngoma badala ya matanga. Sikupata kuona mahali pengine ambapo kuhitimu na hitima vimekaa karibu hivyo.

Lakini Mama alikuwa bado hajajibiwa.

MAMA: Nilihitimu Uvira. Nina diploma ya Serikali ya Kongo, nimeifunga kwenye plastiki mpaka leo. Nilifundisha miaka tisa. Nikafika Nakivale, wakanipimia kiwanja, wakanipa turubai, fito, jembe na sufuria. Anza. Mwanangu wa kwanza alikuwa amemaliza darasa la sita kwa Kifaransa. Huku wanafundisha kwa Kiingereza, basi akawekwa darasa la tatu, ndevu zinaota, amekaa na watoto wa miaka minane. Anza tena. Mgao ukapunguzwa, biashara ikafa, nikaanza tena. Sasa unakuja hapa, mwanangu, unaniambia kuna watu wanaocheza ngoma kwa sababu wamerudi ukurasa wa kwanza. Mimi nimerudi ukurasa wa kwanza mara nne. Sikumwona mpiga ngoma.

Hakuna aliyejibu upesi. Mwenyeji alimwongezea eshabwe.

KIJANA: Mama, kule hawarudi walivyokwenda. Mwaka wa pili mtu anasoma Mwanzo akiwa anajua Yusufu atauzwa na ndugu zake.

MAMA: Nami nilijua vita vitarudi. Kujua kulinisaidia nini?

MAALIMU: Mama, pana kurudi na pana kurudishwa. Msahafu tunaurudia kwa hiari.

MAMA: Ndiyo maana nikasema mnaongea kama wenye nyumba. Hiari ni ya mwenye nyumba.

Kwa fikra zangu hapa ndipo mjadala ulipata uti wa mgongo. Kurudi na kurudishwa: silabi moja imeongezwa mwishoni na mtenda amegeuka mtendwa. Nakivale imejaa watu wa silabi hiyo. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958, ni ya kale kuliko uhuru wa Uganda wenyewe, na wamepita humo Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959, kisha Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kuna aliyezaliwa pale akazaa pale. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba kila mwisho ni mwanzo, umempiga kofi, hata kama ulitaka kumbariki. Mimi mwenyewe nimewahi kuyatamka maneno hayo kwenye mahafali ya vijana wa kambini, nikapigiwa makofi, na leo nayaonea haya.

Kijana hakuyatamka. Alifanya jambo bora zaidi: alifungua Biblia yake mahali ilipochakaa kuliko pote.

KIJANA: Mama, unajua Torati inaishia wapi?

MAMA: Musa anakufa mlimani.

KIJANA: Mlima Nebo, ng'ambo ya Yordani. Ameonyeshwa nchi yote kwa macho, akaambiwa hataingia. Watu wako bondeni Moabu wanamlilia siku thelathini. Kitabu kimekwisha, na hakuna aliyevuka mto.

Mama alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu mwingine asiyekuwapo:

MAMA: Sisi tulivukia Burundi. Jioni hewa ikiwa safi, ukisimama Bujumbura ufukweni unaiona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa. Unaona hata moshi. Nilikuwa nikienda kila jioni, mpaka nikaacha kwenda.

MWENYEJI: Sasa hao Wayahudi, mbona wasisome mbele kidogo? Yoshua anafuata. Anavuka, anaingia. Kwa nini kuwarudisha watu kwenye uumbaji wakati nchi imebaki hatua mbili?

MAMA: Hilo ndilo swali langu, mzee. Umelisema vizuri kuliko mimi.

KIJANA: Wanamsoma Yoshua, mzee. Asubuhi ileile ya Simhat Tora, baada ya Torati, wengi wao husoma sura ya kwanza ya Yoshua.

MAMA: Na katika sura ya kwanza wanavuka?

KIJANA (akafunua kurasa zile zilizoshikana, akasoma kimya, akainua uso): Hawavuki. Wanaambiwa watengeneze chakula cha njiani, baada ya siku tatu watavuka. Kuvuka ni sura ya tatu.

MAMA: Wanaambiwa wafungashe.

KIJANA: Ndiyo, mama. Wanaambiwa wafungashe.

Mama alicheka, kicheko cha kwanza cha jioni ile, na hakikuwa cha dhihaka. Anayekaa Nakivale akingoja kupelekwa nchi ya tatu anajua mwenyewe maana ya kuambiwa fungasha. Kuna waliofungasha, wakauza vitanda, wakarudia sakafu tupu kwa sababu jina liliondolewa kwenye orodha.

Kijana aliendelea, na alichokileta sasa ndicho kilichonifanya nikae nikaandika makala haya. Alisema kusoma Torati yote kwa mwaka mmoja hakukuwa desturi ya Wayahudi wote tangu zamani. Desturi hiyo ni ya Babeli, ya waliokuwa uhamishoni. Waliobaki katika nchi yao walikata mafungu madogo zaidi, wakachukua miaka mitatu au zaidi kumaliza.

MAMA: Rudia hapo.

KIJANA: Waliokuwa kwao walikwenda polepole. Waliokuwa ugenini walimaliza kila mwaka.

MAMA: Bila shaka. Mwenye shamba anavuna anapotaka. Mpangaji anahesabu miezi.

MAALIMU: Na nani aliwashinda wenzake?

KIJANA: Wa Babeli. Leo karibu wote wanafuata mwaka mmoja, ingawa yako masinagogi yaliyorudisha namna ya miaka mitatu. Lakini kwa muda mrefu desturi zote mbili ziliishi mji mmoja. Msafiri mmoja wa karne ya 12, Benjamin wa Tudela, alifika Misri akakuta masinagogi mawili, la watu wa Iraki waliomaliza kila mwaka, na la watu wa nchi ya Israel waliomaliza kwa miaka mitatu. Kwa kawaida hawakusali pamoja, lakini siku ya Furaha ya Torati walikutana wote.

MAMA: Hata wale waliokuwa katikati ya kitabu?

KIJANA: Hata hao.

Ningependa kila anayeandaa mahafali ya wakimbizi aijue habari hiyo. Waliomaliza waliwapisha wasiomaliza, na wasiomaliza hawakuona haya kuja. Katika makambi yetu tumejifunza kinyume chake: aliyeitwa jina lake anaondoka usiku ili asiwaumize wanaobaki, na aliyebaki anajifungia ili asimtie mwenzake mkosi. Sherehe imekuwa jambo la kuficha. Nadhani umaskini huo unatuuma kuliko ule wa mgao, na hakuna shirika litakalotuletea dawa yake kwa lori.

Mwenyeji alikuwa na jambo lake, na alilisema waziwazi kama wazee wa Ankole wanavyosema.

MWENYEJI: Mwanangu, nikuulize bila kuficha. Mkongomani anatafuta nini kwa Wayahudi wa Mbale? Watu watasema unatafuta ndege ya kwenda Israel, au Marekani.

KIJANA: Wameshasema, mzee. Hata Abayudaya wenyewe waliniuliza hivyo siku ya kwanza. Kisha wakanieleza kwamba mmoja wao alipeleka ombi la kuhamia Israel, na mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule ikakataa. Mlango huo wanaujua ulivyo. Sabato iliyofuata walisoma fungu la Sabato iliyofuata.

MAALIMU: Hao walifunzwa na nani? Elimu bila mwalimu ina khatari zake.

Kijana akasimulia, nami nafupisha. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki, kisha akaona hawakumpa alichostahili. Alikuwa na Biblia waliyoleta wamisionari, akaisoma kwa bidii mpaka akafika kwenye amri ya tohara. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Akaambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi wao ni Wayahudi. Mwaka uliofuata akapita Myahudi mmoja aliyeitwa Yosef, akawafundisha kalenda, sikukuu na kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha mafundisho kwa Kiganda, na mwezi wa kumi na moja 1928 akafariki. Waliobaki waliendelea karibu peke yao. Idi Amin alipoipiga marufuku ibada yao, wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na waliobaki walisali kwa siri.

KIJANA: Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku ile Pasaka ya Wayahudi iliingia.

MAALIMU: Sadifa kubwa.

KIJANA: Wao hawaiiti sadifa, maalimu.

MAALIMU: Sawa. Lakini swali langu la mwalimu?

KIJANA: Kijana wao mmoja, Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee walioshika dini ile, alikwenda kusomea urabi Los Angeles miaka mitano. Mwaka 2008 akawekwa kuwa rabi, akarudi Nabugoye. Baadaye alikuwa hata mbunge.

MAALIMU: Akarudi?

KIJANA: Akarudi.

MAALIMU: Basi huyo ndiye aliyehitimu. Mimi kipimo changu ni hicho. Mtoto akimaliza msahafu simpi zawadi kwanza; namketisha mbele ya mdogo wake amfundishe Alhamdu. Akiweza, tunachinja kuku. Asipoweza, tunangoja.

Mama alimtazama Maalimu kwa namna ambayo hakuwa amemtazama jioni yote. Mwalimu anamjua mwalimu. Akasema yeye Uvira alikuwa akifanya vilevile kwa hesabu: mwenye kupata jibu ndiye anayesimama ubaoni kuwaonyesha wengine. Wakaanza kuongea wao wawili juu ya watoto wagumu, juu ya chaki zinazovunjika, na mjadala ukawa umepotea njia kwa muda. Niliuacha upotee. Nilimwona mwanamke aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti tangu saa tisa sasa ameegemea.

Mwenyeji alitumia nafasi hiyo kunionyesha kwa kidevu upande wa juu, kwenye miti, ilipo ikulu ya kale ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ufalme wao ulifutwa mwaka 1967 pamoja na mingine. Kuanzia mwaka 1993 Buganda, Bunyoro na Tooro walirudishiwa yao, Ankole hawakurudishiwa. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba yeye hana shida ya kula wala kulala, nyumba ni yake na ardhi ni yake, na bado kila asubuhi anafungua dirisha anaiona ile nyumba juu. Hakuongeza neno. Nilielewa kwamba alikuwa ameisikia habari ya Mlima Nebo kwa undani kuliko nilivyodhani.

Mvua ikapungua. Gari la Nakivale lingeondoka karibuni, na Mama alianza kukusanya vitu vyake: dawa za mtoto, sabuni, mkate. Kijana alikuwa na neno moja bado.

KIJANA: Mama, ulisema hatukumaliza. Nimelifikiri. Herufi ya mwisho ya Torati ni lamedi, na ya kwanza ni beti. Ukiziunganisha, mwisho kwanza na mwanzo baadaye, unapata neno lev. Maana yake moyo.

MAMA: Na asiyeunganisha?

KIJANA: Ana herufi mbili tu.

MAMA: Hilo ni zuri, lakini ni la kwenye kitabu. Mimi kuunganisha kwangu kutakuwa wapi? Mwisho wangu uko Uvira na mwanzo wangu uko Nakivale, kati yao pana nchi mbili.

Sikumlaumu Kijana kwa kukosa jibu. Nami sina, na simwamini atakayelitoa upesi. Ninachokiamini ni hiki: furaha ya kuanza tena ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule tu aliyeachiwa amalize kwanza. Wayahudi wa Babeli walinyang'anywa nchi, hekalu na wafalme, lakini mpangilio wa mwaka waliushika wao. Waliamua wenyewe fungu lianzie wapi na liishie wapi. Mama wa Uvira hakuachiwa hata hilo. Diploma yake ilimalizwa na wengine, darasa la mwanawe likaanzishwa na wengine. Kumwambia asherehekee ni kumwomba acheze harusi asiyoalikwa. Jambo la kwanza ni kumpa kitu kidogo cha kumaliza ambacho hakuna wa kumrudisha nyuma.

Labda Kijana aliwaza hivyo, labda hakuwaza. Aliinuka akaokota kaa la jikoni, akachuchumaa kwenye saruji ya baraza, akachora alama moja kubwa: mstari juu, mstari upande wa kulia, mstari chini. Kushoto pakabaki wazi.

KIJANA: Hii ndiyo beti. Kitabu kizima kinaanza nayo. Jina lake ni nyumba.

Mama aliweka mfuko chini. Aliinama akaitazama kwa muda, kichwa upande, kama anavyokagua ndagala kabla ya kununua.

MAMA: Nyumba gani hii haina ukuta upande mmoja?

KIJANA: Wahenga wao waliuliza hivyohivyo. Wanasema imefungwa juu, chini na nyuma, imeachwa wazi mbele. Kiebrania kinaandikwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa hiyo uwazi unaelekea kule maneno yanakokwenda.

MAMA: Nyumba yangu ya kwanza Nakivale ilikuwa hivi. Turubai halikutosha. Tulifunga juu, tukafunga pande za upepo, mbele tukaacha. Tulilala miezi mitatu tunaangalia barabara.

Mtoto wake, aliyekuwa amelala kwenye mkeka tangu alipomeza dawa, aliamka akaja akasimama juu ya mchoro. Mama alimsogeza kwa mkono mmoja asiufute. Nje kondakta wa gari alikuwa anaita abiria. Mama hakugeuka. Akanyoosha kidole chake, akaipitisha beti kuanzia juu, akashuka kulia, akamaliza chini. Kidole kikawa cheusi. Akaipitisha tena, safari hii bila kusita, kisha akamshika mwanawe kidole cha shahada akampitisha na yeye.

"Na inayofuata?" akamwuliza Kijana.